Gunzi katika Damu ya Daktari Pech

Ijumaa saa sita mchana, joto la mji wa Mérida likiwa limewafukuza watu wote barabarani, mpelelezi Nidia Canché alisimama katika maabara ya hospitali akimtazama mwanaume mnene akipukuchua hindi la kuchemsha.

Hindi lilikuwa chakula chake cha mchana. Mwanaume mwenyewe aliitwa Wilberth Tzab, mkemia wa hospitali. Ndiye aliyempigia Nidia simu asubuhi ile akamwambia aache alilonalo aje, kwa kuwa katika kesi ya Daktari Pech kuna anayesema uongo, na damu haina sababu ya kusema uongo.

Mpaka dakika ile kesi ilionekana nyepesi. Daktari Eligio Pech, mtafiti wa kisukari mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, alikutwa Jumanne ameanguka kando ya meza yake, ghorofa ya tatu ya taasisi ya utafiti. Aliyemkuta ni Gaspar Uc, mtunza panya wa maabara, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Sukari ya daktari ilikuwa imeshuka vibaya mno. Chini ya meza palikuwa na sindano iliyotumika na kichupa cha insulini kilichobaki nusu. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, inayoanza hivi: "Nimekosea kwa miaka ishirini na miwili, na sina haki ya kuendelea kunyamaza." Jumatano alfajiri daktari alikata roho bila kuzinduka, na Alhamisi akazikwa kijijini kwao.

Mkuu wa Nidia, Kamanda Lizama, aliusoma mstari ule mmoja tu. Akasema mtu akiandika maneno kama hayo kisha akajidunga, hapo polisi hawana kazi, kazi ni ya padri.

"Mkuu wako amekula maharage mabichi," Wilberth alisema. Aliweka punje upande mmoja wa sahani na gunzi upande wa pili. "Njoo utazame, dada. Mwili unapotengeneza insulini, hautoi insulini peke yake. Inatoka imeshikamana na kipande kingine, kama punje na gunzi. Ikifika mlangoni inapukuchuliwa, na vyote viwili vinaingia kwenye damu. Punje zikiwa nyingi, na magunzi ni mengi. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Sasa insulini ya duka la dawa. Ile inakuja imeshapukuchuliwa kiwandani. Ni punje tupu. Mtu akijidunga, nakuta punje tele kwenye damu, na gunzi hakuna."

Nidia akamuuliza amekuta nini kwa Daktari Pech.

"Punje tele," Wilberth alisema. "Na magunzi tele."

Alimweleza yaliyobaki huku akila. Damu ile ilichukuliwa daktari alipofikishwa hospitali, kabla hajatundikiwa dripu ya sukari, kwa hiyo haikuchafuka na kitu. Usiku ule sukari ilipandishwa mara tatu, na mara tatu ikaanguka tena. Madaktari wa zamu walikuwa wameambiwa kuna kichupa cha insulini ya haraka, ile inayokwisha nguvu baada ya saa chache, na wakamtibu kwa hesabu hiyo. Lakini kilichomshika hakikuwa cha saa chache. Kilikuwa kinalikamua kongosho lake bila kuchoka. Wilberth alipeleka damu kwa rafiki yake wa maabara ya sumu, na jibu lilikuwa limerudi asubuhi hiyo: glibenklamida. Vidonge vya kisukari.

Nidia hakuhitaji kuelezwa vidonge hivyo. Mama yake alivimeza kila asubuhi na mkate. Katika mji ule, ukibisha hodi kwenye nyumba tatu, nyumba moja utavikuta juu ya friji.

"Daktari alikuwa na kisukari?"

"Hakuwa nacho."

"Na mtu aliyesoma sukari miaka thelathini alishindwaje kujua sukari yake inaanguka? Angehisi anatetemeka. Moyo ungemwenda mbio."

Wilberth akatikisa kichwa. Alisema daktari alikuwa akitumia vidonge vya moyo, na vidonge vya moyo vya aina ile huficha mtetemo na mapigo. Mtu haambiwi chochote na mwili wake, akili inazidi kuwa nzito tu, mpaka anaanguka. Aliyempa vidonge vya kisukari ama alibahatisha sana, ama alijua hilo.

"Umesoma wapi mambo ya gunzi?" Nidia aliuliza akiwa mlangoni.

"Chuo kikuu, hapahapa. Tulikuwa na mwalimu aliyejua kueleza. Daktari Rebeca Solís." Alifuta mikono. "Bado ninalo daftari."

Nidia aliliandika jina hilo. Rebeca Solís alikuwa mshirika wa marehemu kwa miaka ishirini na mitano, na ndiye aliyewakabidhi polisi karatasi ile ya mezani.

*

Alipofika ofisini, Kamanda Lizama alikuwa ameshamkamata mtu.

Nidia alikuwa amempigia simu kutoka hospitali kumwambia habari ya vidonge, na kamanda hakungoja. Alituma watu wakapekue makabati ya wafanyakazi wa taasisi. Katika kabati la Gaspar Uc, mtunza panya, walikuta boksi la glibenklamida lililofunguliwa, na pakiti mbili zilikuwa hazimo. Kesi ya kujiua ikawa kesi ya mauaji ndani ya saa moja, na kamanda alionekana ameridhika na zote mbili sawasawa.

"We Nidia, umezoea kutafuta nyoka kwenye blanketi," alisema. "Vidonge ni vyake. Aliyemkuta ni yeye. Sindano kaiweka yeye. Unataka akuimbie?"

Nidia alimuuliza mtunza panya angepata faida gani. Kamanda alijibu kwamba hilo Gaspar atalisema mwenyewe akishakaa ndani siku mbili.

Gaspar Uc alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya meno ya panya. Jumamosi asubuhi Nidia alimkuta amekaa wima kwenye benchi la mahabusu kama aliyeko kanisani. Alikubali kila kitu alichoulizwa kilicho kweli: ndiyo, anaumwa sukari, ndiyo, vidonge ni vyake, hapana, hajui pakiti mbili zimekwenda wapi, maana kabati halina kufuli. Lakini alipoulizwa nani mwingine anajua kwamba anavitumia, alinyamaza.

Nidia hakumsukuma. Alimwambia amsimulie habari za daktari tu.

Mzee akasimulia. Eligio Pech alikuwa mtoto wa mkulima wa mahindi, na mama yake alipofuka kwa sukari kabla hajafika miaka hamsini. Alikwenda kusoma mbali, akarudi kwao Yucatán na swali moja, akaishi nalo maisha yake yote. Insulini inabisha hodi kwenye mlango wa seli, na mlango unasikia. Ndani kuna wajumbe wanaopokezana habari, huyu anamwambia yule, mpaka lango la sukari lifunguliwe. Kwa mgonjwa hodi inasikika, lakini habari inapotea njiani. Nani anaimeza? Hilo ndilo swali lake. Miaka ishirini na miwili iliyopita yeye na Daktari Solís walitangaza kwamba wamempata anayeimeza, protini moja waliyoipa jina la utani Kiziwi. Dunia nzima ya wasomi wa kisukari iliwapigia makofi. Na kutoka kwa Kiziwi kikatengenezwa kidonge cha kumnyamazisha, ambacho sasa watu mia mbili na kumi na wawili wa vijiji vya mashariki walikuwa wakikimeza kwa majaribio.

"Kisha mwaka huu akarudia vipimo vyote upya," Gaspar alisema. "Alikuwa hivyo. Kitu chake mwenyewe ndicho alichokiamini mwisho."

"Akakuta nini?"

Gaspar alitazama mikono yake. Kisha akasema kwamba Jumatatu jioni daktari aliteremka nyumba ya panya, jambo alilolifanya mara chache. Panya thelathini na wanane waliopewa kile kidonge walikuwa wamekufa, na yeye Gaspar ndiye aliyewapasua. Maini yao yalikuwa ya njano kama siagi. Kiziwi hakuwa mwizi wa habari hata kidogo. Alikuwa mlinzi wa ini.

"Aliniambia, 'Don Gaspar, wa thelathini na tisa asije akawa mtu.' Alisema kesho yake atasimamisha vidonge."

Nidia aliacha kuandika. Alimuuliza mbona hakusema haya tangu Jumanne.

"Nilidhani kaamua kufa kwa aibu. Nilidhani vidonge vitasimama vyenyewe." Alisugua makovu ya mkono wake. "Na Daktari Solís ni mama wa ubatizo wa binti yangu. Ndiye aliyenipeleka kupimwa sukari, ndiye aliyekuwa akinikumbusha dawa. Mtu hamtaji mkwewe wa kanisani polisi, mama, kwa jambo asilo na hakika nalo."

Sasa Nidia alikuwa na jina, lakini alilipata kinywani mwa mshukiwa, na alijua kamanda angelipokeaje. Alichohitaji ni saa. Kama angejua vidonge vilimwingia daktari saa ngapi, angejua ni nani wa kumuuliza. Alilisema hilo kwa sauti, akijisemea zaidi kuliko kumwambia Gaspar.

"Kama ni saa mnayotaka, muulizeni daktari mwenyewe," Gaspar alisema.

"Daktari tumemzika, mzee."

"Damu yake iko jokofuni."

Alieleza taratibu, kana kwamba anamweleza mgeni jambo ambalo kila mtu analijua. Katika kila utafiti daktari alijitumia mwenyewe kama mtu mzima wa kulinganishwa na wagonjwa. Alianza mwaka aliporudi, na hakuacha. Jumanne ile alikuwa kwenye mfungo wa kipimo: hali chochote tangu jioni isipokuwa kahawa isiyo na sukari, na kila saa anajitoa damu mwenyewe, anaiandika, anaitia kwenye jokofu la baridi kali. Vichupa hupimwa wiki ikiisha.

*

Jokofu lilikuwa kwenye korido ya ghorofa ya tatu, kubwa kama kabati la nguo. Nidia alilifungua mbele ya mwanasheria wa taasisi na askari mmoja, akaandika majina yao, saa na namba ya muhuri. Ndani mlikuwa na trei juu ya trei. Katika trei ya chini, yenye barafu nene kuliko zote, mlikuwa na damu ya kijana wa miaka thelathini aitwaye E. Pech. Katika trei ya juu mlikuwa na vichupa vinne vya Jumanne.

Cha saa moja asubuhi kilikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka. Cha saa mbili vilevile. Cha saa tatu herufi zilianza kupanda juu ya mstari, na chini ya saa palikuwa na nyongeza: "kahawa chungu, saa mbili na dakika kumi". Cha saa nne hakikuwa na maneno. Kalamu ilikuwa imepita mara moja kwenye karatasi, ikashuka, ikaacha.

Cha saa tano hakikuwapo.

Askari aliyekuwa akishikilia mlango wa jokofu alifanya ishara ya msalaba. Nidia alivifunga vichupa kwenye barafu na kuvipeleka kwa Wilberth mwenyewe, na Wilberth alifuta safari yake ya Jumapili ya baharini bila kuambiwa.

Jumapili hiyohiyo Nidia alifanya mambo mawili. Kwanza alichukua kumbukumbu za kadi za milango. Gaspar alikuwa ameingia nyumba ya panya saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa tatu na nusu, na nyumba ile ina mlango mmoja tu. Kisha alikwenda kwa mlinzi wa maegesho. Daktari Solís alikuwa ameandikisha kwa polisi kwamba Jumanne alifika kazini saa nne. Kitabu cha mlinzi kiliandika gari lake saa mbili kasoro dakika nane.

Kamanda Lizama alisikiliza haya yote kwenye simu. Alisema saa ya gari siyo sumu, na msomi mwenye jina kama lile humfuati kwa sababu alikosea saa. Na kuhusu vidonge vya vijijini, Nidia alikuwa ameshapiga simu kwenye kamati inayosimamia majaribio. Walimjibu kwa upole kwamba Jumapili ofisi imefungwa, na kwamba amri ya kusimamisha hutolewa na mmoja wa watafiti wakuu wawili kwa maandishi. Mmoja alikuwa amekufa.

Mgao wa vidonge vya mwezi mpya ulikuwa Jumatatu, saa nane mchana.

*

Jumatatu, wakati mji mzima ukinukia maharage na nyama ya nguruwe kama kila Jumatatu, Nidia alipanda ngazi za taasisi akiwa na bahasha. Majibu ya Wilberth yalikuwa yametoka saa sita na nusu. Ilikuwa sasa saa saba na robo.

Daktari Rebeca Solís alimpokea vizuri. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, nywele zake za mvi zimekatwa fupi, na macho yake bado yalikuwa na wekundu wa mazishi. Alimuuliza kama ni kweli wamemkamata Gaspar, akasema haamini, mtu yule hawezi kuua hata panya bila kumwomba radhi. Nidia alidhani hakuwa akiigiza.

"Daktari, nimekuja kuomba msaada," alisema. "Nimepewa hesabu na hospitali, mimi sizielewi. Mkuu wangu anataka niandike maelezo leo."

Akamwekea mezani karatasi moja. Ilikuwa na mistari minne, wa saa moja mpaka wa saa nne, na safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa ya sukari: 84, 82, 51, 29. Ya pili ilikuwa ya insulini: 5, 6, 41, 88. Safu ya tatu iliandikwa juu yake herufi moja tu, C, na tarakimu zake zilipanda sambamba na za pili.

"Ni za nani?"

"Za mtu aliyefunga tangu jioni."

Rebeca alivaa miwani. Kidole chake kilishuka safu ya kwanza, kikasimama mwishoni. Kikashuka ya pili. Kilipofika juu ya safu ya tatu kilisita, kisha akakiondoa na kukunja mkono.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Zimeletwa na hospitali. Nifafanulie tu kilichompata."

"Huyu amejidunga," Rebeca alisema. Alizungumza polepole, kwa sauti ya darasani. "Kuanzia hapa, baada ya saa mbili. Insulini inaruka kutoka sita mpaka arobaini na moja kwa saa moja. Sukari inaporomoka. Hakuna njia nyingine."

"Na safu ya tatu?"

"Hiyo haituhusu. Kipimo hicho hakiaminiki damu ikishakaa."

"Haituhusu kabisa?"

"Kabisa."

Nidia alimshukuru. Alimwomba amwandikie hayo pale chini ya karatasi, kwa mkono wake, kwa ajili ya jalada, maana yeye angekosea maneno. Rebeca alichukua kalamu. Aliandika mistari miwili, akatia saini na tarehe. Nidia alisubiri wino ukauke, akairudisha karatasi kwenye bahasha. Kisha akatoa nyingine.

Ilikuwa nakala ya ukurasa wa daftari la mwanafunzi, mwandiko wa kitoto, na pembeni kumechorwa hindi. Nidia aliisoma mwenyewe.

"'Somo la tisa, Daktari R. Solís. Ukitaka kujua insulini imetoka wapi, usitazame punje. Tazama gunzi.'"

Rebeca aliusukuma ukurasa pembeni.

"Mkemia wa hospitali alikuwa mwanafunzi wako," Nidia alisema. "Ijumaa alinifundisha kwa dakika tano, nikaelewa, na mimi shuleni hesabu zilinishinda. Wewe umeifundisha miaka ishirini. Leo umeiruka, na umeandika kwamba haituhusu."

"Nimechoka. Nimetoka kumzika mwenzangu."

"Umeiruka kwa sababu hiyo C ndiyo gunzi, ndiyo inayosema insulini ilitoka mwilini mwake na sindano iliwekwa pale baadaye. Mtu asiyejua angeikosea. Wewe unaijua, ulitaka tu sisi tuikosee." Alitoa nakala ya kitabu cha mlinzi, akaiweka juu ya daftari. "Uliingia saa mbili kasoro dakika nane. Gaspar alikuwa na panya wake mpaka saa tatu na nusu. Daktari alikunywa kahawa saa mbili na dakika kumi, aliandika kwenye kichupa. Kwenye korido hii hapakuwa na mtu mwingine."

Rebeca aliichukua karatasi ya mlinzi akaitazama, lakini hakuwa akiisoma.

"Vichupa," alisema. "Ni vyake?"

"Vyake."

"Cha mwisho kina sukari ishirini na tisa." Alivua miwani. "Alikitoa mwenyewe?"

"Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetobolewa mara nne. Cha nne hakukiandika, alishindwa. Lakini alikifunga, akatembea mpaka jokofuni, akakiweka mahali pake."

Mwanamke aliweka viganja vyote viwili mezani, na alipozungumza hakumtazama Nidia.

Alisema picha ile ilitoka vizuri mara moja tu, miaka ishirini na miwili iliyopita. Picha ya misuli iliyoonyesha kwamba Kiziwi anaimeza habari. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mkataba wake unakwisha mwezi unaofuata, na jaribio halikukubali kurudiwa. Akaigeuza ile picha juu chini, akaitumia tena kama ya mgonjwa wa pili, na tena kama ya tatu. Eligio hakuuliza. Alimwamini. Baada ya hapo zikaja tuzo, wanafunzi, jengo hili, kidonge.

"Kila mwaka nilisema nitamwambia," alisema. "Jumatatu iliyopita akaniambia yeye. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema tutaandika kwamba tulikosea, sote wawili. Alikuwa tayari kubeba nusu."

"Na wewe?"

"Nilidhani atakutwa jioni. Jumanne hakuna anayepanda huku mpaka jioni, na kufikia jioni damu ya maiti isingesema kitu." Alikunja miwani. "Alisema kahawa yangu leo ni chungu kuliko kawaida. Akanishukuru."

Nidia alimsomea haki zake palepale, akamwita askari aliyekuwa ngazini, akaandika saa: saba na dakika arobaini na tatu. Halafu akamuuliza lile alilokuja nalo tangu asubuhi. Barua ya mezani ilikuwa na ukurasa mmoja, na ilikatika katikati ya sentensi. Wa pili uko wapi?

Rebeca alifungua mkoba wake. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imewekwa kwenye mfuko wa ndani pamoja na kitambulisho.

"Sikuweza kuichana," alisema. "Ina saini yake."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tatu. Namba ya zahanati ya Chan Tzukil, yenye wagonjwa wengi kuliko vijiji vyote, ilikuwa ukutani juu ya simu ya mezani. Nidia aliipiga. Muuguzi aliyepokea aliitwa Doña Filiberta May, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, viti vikiburutwa, mtoto akilia. Alisema ameshafungua maboksi. Watu wamepanga foleni tangu saa sita, wengine wametembea kutoka mashambani, na kama ni mambo ya polisi yangoje mgao uishe.

Nidia alimwambia asitoe hata kidonge kimoja, na waliobaki navyo nyumbani waambiwe waache leo hii.

"Mama, mimi polisi hawaniamrishi dawa," muuguzi alisema. "Nina karatasi hapa ukutani. Amri ni ya madaktari wawili tu. Hii umepewa na nani?"

Nidia aliukunjua ukurasa wa pili. Juu palikuwa na tarehe ya Jumanne. Chini palikuwa na saini, kwa ule mwandiko mdogo ulionyooka. Katikati palikuwa na sentensi moja: kuanzia leo nasimamisha vidonge, katika vijiji vyote, bila kungoja idhini nyingine.

"Na Daktari Pech," alisema.

Kule upande wa pili sauti ya muuguzi ilishuka.

"Daktari Pech tulimzika Alhamisi, mama. Nilikuwepo."

"Najua. Aliiandika Jumanne. Imechelewa kufika."

Nidia alisikia mkono ukifunika kipokezi, na nyuma ya mkono ule Doña Filiberta akawageukia watu akiwaambia kwa Kimaya, taratibu, warudi nyumbani. Mtu mmoja aliuliza kitu. Muuguzi akamjibu kwa kutaja jina la daktari. Ndipo viti vikaanza kuburutwa tena, kimoja kimoja, vikielekea nje.